Skuli ipimwe kwa wanaobaki kijijini

Kila yanapotangazwa matokeo ya mitihani ya taifa, mazungumzo ya elimu hapa kwetu Zanzibar huchukua sura ile ile: skuli gani imeongoza, wilaya gani imeshika mkia, nani amepata daraja la kwanza, na wangapi watakwenda kidato cha tano. Sina ugomvi na furaha hiyo, maana mtoto aliyejitahidi ana haki ya kupongezwa. Ugomvi wangu ni na kipimo chenyewe. Kinawahesabu wale ambao skuli imewapandisha, na pengine imewaondosha kijijini kabisa, lakini kinawanyamazia waliobaki, ambao ndio wengi, na ambao ndio watakaolima, watakaovua, watakaofanya biashara, watakaolea watoto na kupiga kura katika visiwa hivi kwa miaka mingi ijayo. Ikiwa tunaamini kweli kuwa elimu ni msingi wa maendeleo ya taifa, basi hao ndio wa kutazamwa mwanzo.

Asili ya kipimo hiki inaeleweka. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi minane tu baada ya Mapinduzi, Mzee Abeid Amani Karume alitangaza elimu bila malipo. Kabla ya hapo skuli za sekondari zilikuwa chache mno, ada ilikuwa kizuizi, mgawanyo wa watoto ulifuata asili zao, na mtoto wa Pemba aliyetaka kuendelea aghalabu alilazimika kuvuka bahari kwenda Unguja. Tangazo lile lilifungua mlango ambao hadi leo haujafungwa, na kila mwaka tunaliadhimisha, kwa haki kabisa. Lakini nchi iliyotangaza hivyo ilikuwa pia na njaa ya makarani, walimu, wauguzi na mahakimu, kwa hivyo aliyemaliza masomo alipokelewa serikalini moja kwa moja. Kizazi kizima kikaona kwa macho yake kwamba kusoma ni kupata meza na mshahara. Wazazi wetu hawakukosea. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa wakati wao.

Leo hesabu hiyo haiwezi tena kutoka. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar, na kasi ya ongezeko ni asilimia 3.7 kwa mwaka, maana yake ni kwamba tukiendelea hivi idadi ya watu itakuwa mara mbili kabla ya miaka 20 kutimia. Hakuna serikali inayoweza kuwawekea meza wote hao, wala si vyema tuitake ifanye hivyo. Na bado kijana akirudi nyumbani bila ya ajira tunasema elimu yake imepotea bure, kana kwamba miaka kumi na kitu ya kukaa darasani haikuwa na kazi nyengine yoyote isipokuwa kumtafutia barua ya kuajiriwa.

Ajabu ni kwamba tunacho kipimo kizuri zaidi, na tunakitumia kila siku bila ya kukifikiria. Mtoto wa Kizanzibari huenda skuli na huenda chuoni, yaani madrasa. Chuoni mzee hamuulizi mwalimu kama mwanawe atakuwa sheikh. Anauliza kama anasoma Kurani sawasawa, kama anajua kutawadha na kusali, kama adabu imemkaa. Akihitimu, anahitimu kwa kuwa ameyajua hayo, na yatamfaa akiwa mvuvi, dereva au waziri. Hakuna aliyewahi kusema kwamba mtoto amefeli chuo kwa sababu hakuwa mwanachuoni mkubwa. Sisemi kuwa vyuo vyetu havina kasoro. Zipo, na bakora ni mojawapo. Nasema tu kwamba huko lengo la elimu linamhusu kila anayeingia mlangoni, ilhali skuli lengo limehamia kwa wale wachache watakaopenya.

Mwalimu Nyerere aliliona tatizo hili mapema. Katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea wa Machi 1967 alisema kwamba elimu ya msingi inapaswa kuwa kamili kwa nafsi yake, isiwe matayarisho tu ya kwenda sekondari. Bara na hapa elimu ya msingi ina wizara zake tofauti, na waraka ule uliandikwa kwa mazingira ya wakulima wa huko, lakini sentensi ile inatufaa sote. Kilichoiharibu ni utekelezaji. Skuli nyingi zilielewa kujitegemea kuwa ni shamba, na shamba likawa mahali pa kupelekwa mtoto aliyechelewa kufika, jembe mkononi, bila ya mtu kumueleza udongo ule una nini au mbegu ile imetoka wapi. Jembe likawa adhabu. Tusishangae kwamba wanafunzi wale, walipokuwa wazazi, waliapa watoto wao hawataligusa.

Nitoe mfano wa mwani, kwa sababu ndani yake mna karibu kila kitu ninachotaka kusema. Kilimo hiki kilianza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwishoni mwa miaka ya 1980, kikafika Pemba, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Zipo aina mbili kuu, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo dhaifu: maji ya kina kifupi yakipata joto kupita kiasi, matawi yake hugeuka meupe, hulegea na kukatika, na kamba inabaki tupu. Katika sehemu nyingi wanawake wameiacha kabisa wakabaki na spinosamu ya bei ndogo. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari hapa Unguja alitumia miaka mingi pamoja na wakulima hao kutafuta namna ya kulima katika maji yenye kina zaidi, na kuusindika mwani kuwa unga na sabuni badala ya kuuza mkavu kwa kilo. Hiyo ndiyo elimu inayofanya kazi ya maendeleo: mtafiti anashuka pwani, na mkulima anamsikiliza na kumjibu.

Lakini kumsikiliza na kumjibu mtafiti kunahitaji msingi, na msingi huo hutiwa darasani. Katika kijiji kimoja cha upande wa Micheweni, Pemba, nilisimama karibu na mama aliyekuwa akipimiwa mwani wake. Mnunuzi alitundika mzigo kwenye mizani, akasoma kilo, akatoa kilo kadhaa akisema ni za mchanga na unyevu, akazidisha kichwani na kutaja fedha. Mama alipokea. Pembeni yake alikuwepo binti yake wa kidato cha tatu, na mkoba wa skuli begani. Nilipomuuliza baadaye kama makato yale yalikuwa asilimia ngapi ya mzigo, aliinamisha kichwa, akacheka kidogo na kusema, “Hizo za mtihani, ami.” Hakuwa mjinga yule binti. Nina hakika ukimpa karatasi na swali lililoandikwa kama yalivyo kitabuni, angelipata. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia kwamba asilimia ya kitabuni na ile ya kwenye mizani ni kitu kimoja.

Lugha nayo ina sehemu yake katika jambo hili. Sera ya elimu ya 2006 iliagiza hisabati na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Nia ilikuwa njema, kwani watoto walikuwa wakifika sekondari na kukutana na ukuta. Matokeo yake, kwa mtazamo wangu, yalikuwa kuusogeza ukuta ule chini, akaukuta mtoto wa miaka kumi au kumi na moja. Mwalimu ambaye mwenyewe hana raha na lugha hiyo husoma kitabu kama kilivyo, na wanafunzi hukariri. Mtoto aliyekariri joto na unyevu kwa lugha asiyoitumia nyumbani hatayatambua maneno hayo pwani, hata kama maji yenyewe yanamchoma miguu. Kiingereza kifundishwe, tena kifundishwe vizuri kuliko sasa, kwa sababu hoteli za Nungwi na Paje zinajaza nafasi nyingi kwa watu kutoka nje ya visiwa, na vijana wetu wanalalamika kuwa lugha ndiyo inayowakwamisha. Kufundisha lugha, hata hivyo, ni kazi moja, na kufundishia sayansi kwa lugha ambayo haijafundishwa ikakaa ni kazi nyengine.

Karafuu ni vivyo hivyo. Mtoto wa Pemba anajua kupanda mkarafuu, kuchambua na kuanika. Anajua pia kuwa ZSTC, shirika la biashara la serikali, hununua kwa madaraja na kuwa makonyo, yaani vikonyo vya karafuu, yanakwenda kukamuliwa mafuta. Kwa nini daraja lishuke na mafuta yatoke wapi, aghalabu hasikii darasani.

Hapa najua nitaambiwa kuwa dawa yake ni mafunzo ya amali, yaani ya ufundi. Vituo vya serikali vipo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji, vikaongezwa vya Makunduchi na Daya Mtambwe, na ni vitu vya kujivunia. Fundi umeme mzuri ana faida kwa nchi kuliko mwenye shahada anayesubiri kwa miaka. Ninachokataa ni namna tunavyopazungumzia mahali hapo. Mtoto akifeli kidato cha pili, ndipo mzee anapotajiwa amali, kwa sauti ile ile inayotumika kumpa mtu pole. Na nimegundua kwamba wanaosema kwa nguvu kabisa katika semina kuwa vijana wajifunze ufundi, wao wenyewe watoto wao wako skuli za binafsi wakitayarishwa kwa udaktari na uhandisi. Ushauri wa namna hiyo una jina lake, nalo si sera.

Kwa hivyo asije mtu akadhani kuwa nataka mtoto wa mkulima afungiwe kijijini na elimu ya mkato. Nataka kinyume chake. Mama anayepimiwa mwani anahitaji hisabati ile ile anayohitaji mhasibu, na mvuvi anayeambiwa kuhusu uchumi wa buluu anahitaji kusoma na kuuliza maswali kwenye mkutano kama anavyohitaji mwanasheria. Elimu hiyo ikiwakaa sawasawa, wale wenye vipaji vya kwenda mbali wataondoka wakiwa imara zaidi, si dhaifu zaidi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na vyuo vyengine vitapata wanafunzi wanaofikiri, badala ya wanaokariri kwa ustadi.

Ningependa Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iongeze jambo moja katika taarifa za kila skuli ya sekondari: waliotoka hapa miaka mitano iliyopita, wote pamoja na walioanguka, wako wapi na wanafanya nini. Wanasoma? Wana kazi? Wanaendesha biashara inayowalisha? Wanaweza kusoma mkataba wa ardhi kabla ya kuutia saini? Kuyajua hayo si kazi ngumu katika visiwa vidogo kama hivi, ambako kila shehia, eneo dogo kabisa la utawala, ina sheha aliyeteuliwa na serikali, na sheha ana daftari la wakaazi wake. Najua wapo wasiopenda kumjibu sheha maswali, kwa sababu za siasa zetu ambazo hazihitaji kuelezwa. Basi kazi hiyo ipewe kamati ya skuli, ambayo wajumbe wake ni wazee wa hapo hapo na wanawajua vijana hao mmoja mmoja, na orodha isomwe kwenye mkutano wa wazee mwanzoni mwa mwaka, kabla ya kusomwa ile ya waliofaulu.