Katika kipima-USB, tazama wati-saa kwanza

Mtu anayenunua kipima-USB kwa mara ya kwanza, yaani kile kifaa kidogo kinachochomekwa kati ya chaja na simu ili kuonyesha umeme unaopita, kwa kawaida huvutwa na skrini ya rangi na wingi wa tarakimu zilizopangwa juu yake. Kwa maoni yangu, swali la kwanza liwe moja tu: je, kifaa hiki kinahesabu wati-saa, yaani kiasi cha nishati kilichopita? Kama kinahesabu miliampea-saa peke yake, mimi sikinunui hata kikiuzwa kwa nusu ya bei.

Msimamo huu niliupata siku nilipotaka kujua hali ya betri ya simu yangu. Niliiacha simu iishe chaji hadi ikajizima, nikaichaji ikiwa imezimwa kwa chaja ya kawaida ya volti 5, na ilipojaa kipima kilisoma miliampea-saa 4,400 hivi. Wiki iliyofuata nilirudia kazi ile ile kwa chaja ya haraka iliyopandisha umeme hadi volti 9, na safari hii hesabu ikaishia karibu na 2,450, nami nikashtuka nikidhani betri imepoteza nusu ya uwezo wake ndani ya siku saba. Betri ilikuwa nzima kabisa. Miliampea-saa huhesabu mkondo na muda bila kujali volti, kwa hiyo volti zikipanda, mkondo mdogo zaidi unatosha kubeba nishati ile ile. Nilipofungua daftari nililokuwa nikinakili kila kilichoonekana kwenye skrini, niliona kwamba mara zote mbili wati-saa zilikuwa zimeishia karibu na 22.

Mkanganyiko huo huo ndio unaozaa lawama nyingi dhidi ya pawabenki. Maandishi ya mAh (yaani miliampea-saa) 10,000 juu ya ganda lake yanahusu betri za ndani, ambazo volti zake ni kama 3.7, na hiyo ni sawa na wati-saa 37. Umeme huo ukipandishwa hadi volti 5 ili utoke kwenye tundu la USB, hata kama usingepotea hata kidogo, ungebaki miliampea-saa 7,400, na kwa kuwa sehemu nyingine hupotea kama joto, kusoma 6,500 ni jambo la kawaida kabisa. Anayetazama mAh peke yake ataamini ameibiwa, ilhali anayetazama wati-saa ataona 32 au 33 na kutambua kwamba bidhaa yake ni ya kweli. Akiona 15, hapo ana haki ya kudai fedha zake.

Jambo la pili ninalolisisitiza ni kwamba kipima kisivuruge mazungumzo kati ya chaja na simu. Chaji ya haraka haianzi mpaka pande hizo mbili zielewane kuhusu volti, ama kupitia nyaya za data, kama ilivyo katika mifumo mingi ya zamani, ama kupitia waya maalumu ulio katika kiunganishi cha Type-C kwa mfumo wa Power Delivery. Kipima hafifu ambacho hakipitishi nyaya hizo huilazimisha simu kubaki kwenye volti 5, na mwenye simu hurudi akailaumu chaja isiyo na kosa. Kwa hiyo, ikiwa simu yako hutumia Power Delivery, chagua kipima chenye Type-C pande zote mbili. Kwa simu, kinachostahimili volti 20 kinatosha. Lakini mfumo huo uliongezwa mwaka 2021 hadi kufikia volti 48 na wati 240, na kipima cha volti 20 kisitumike hapo.

Waya nao hufichuka. Pima upande wa chaja, kisha upande wa simu: nikiona volti 5.1 kule na 4.6 huku wakati ampea 2 zinapita, najua wati nzima inapotea ndani ya waya, na waya huo nauweka kando. Mambo ya kuunganisha kipima na simu kwa Bluetooth yanapendeza, ila hayanifanyi niongeze bei.

Ningeongeza bei, hata hivyo, kwa kipima kinachosoma mikondo midogo kwa uhakika. Betri inapokaribia kujaa, mkondo hushuka polepole, na vipima duni huandika sifuri wakati umeme bado unaingia.

Tena kipima huona kinachoingia kwenye simu, si kinachobaki kwenye betri, kwa sababu simu yenyewe hupoteza sehemu kama joto. Ndiyo maana betri iliyoandikwa wati-saa 19 inaweza kusoma 22, na ndiyo maana sipendi kuona mtu akigawanya kipimo chake kwa namba ya kiwandani ili kupata afya ya betri. Linganisha kipimo chako na kipimo chako. Simu ikiwa mpya, ipime ikiwa imezimwa, kutoka tupu hadi ijae, uandike wati-saa na tarehe, kisha rudia mwaka unaofuata kwa chaja ile ile na waya ule ule. Ikisoma 18 badala ya 22, betri imebaki na takriban asilimia 82 ya uwezo iliyoanza nao.