Anayekesha si lazima awe anasoma

Mpwa wangu alikaa kwangu Ng'hong'hona wiki tatu za mitihani ya chuo, na mimi nikawa mtu wa kwanza kumsifia. Saa nane usiku taa inawaka, alfajiri bado inawaka, asubuhi anatoka mchangamfu. Nikawatambia majirani: huyu sapu, mtihani wa marudio, ataisikia kwa wenzake.

Kilichonishtua ni sahani. Ugali na mlenda wa karanga, chakula chake tangu utotoni, naufunika jioni na asubuhi naukuta vilevile, mlenda umefanya utando juu. "Sina njaa, mjomba." Ndipo nikamtazama vizuri. Midomo mikavu, anailamba kila mara. Meno anayasaga. Mboni za macho zimetanuka na tumekaa juani. Anaongea mbiombio, ukimkatiza anawaka.

Sisi mtumiaji wa dawa tumezoea kumjua kwa kusinzia kijiweni. Huyu tunampigia makofi.

Vilikuwa vidonge vya methilfenideti, maarufu kama Ritalin, alivyogawiwa na mwenzake aliyeandikiwa na daktari. Dawa yenyewe sina ugomvi nayo. Mtoto ambaye akili yake haitulii kwenye jambo moja humsaidia kweli, mradi daktari anampima presha, mapigo ya moyo na uzito. Lakini kumeza cha mwenzio, kuongeza kwa kuwa kimoja hakikushtui tena, au kukisaga ukakivuta puani, ni matumizi mabaya hata kama pakiti ni halali. Kidonge cha kawaida nguvu yake ni kama saa nne tu, kisha mkono unatafuta kingine.

Na faida yenyewe iko wapi? Mwaka 2023 watafiti wa Melbourne walichapisha jaribio la watu 40 wenye afya, waliopewa mafumbo ya kuchagua vitu vya kupakia begini. Wakiwa wamemeza dawa za aina hii walihangaika zaidi na kuchukua muda mrefu zaidi kuliko walipomeza kidonge kitupu kisicho na dawa, na kazi yao ikawa duni.

Mtihani wa mwisho ulipoisha alilala mchana, usiku, hadi kesho yake jioni. Aliamka amenuna, machozi karibu, akanieleza yote. Nikamwambia twende Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili. "Mjomba, mimi si chizi!" Nikamjibu kuwa hata mimi si chizi na nitakaa naye kwenye benchi.

Njiani akaomba tusimame kwa mama ntilie. Alikula sahani mbili.