Taksi-basi za Lubumbashi: vituo maalumu vianzie wapi?

Kila mara msongamano wa katikati ya Lubumbashi unapozidi, pendekezo linalosikika ni lile lile: taksi-basi zisimame kwenye vituo maalumu tu, na zile zinazojaza abiria kandokando ya barabara kubwa ziondolewe. Nia ni njema. Hata hivyo, nadhani kazi hiyo inapaswa kuanzia kwenye mitaa ya makazi, si katikati ya mji.

Sababu imo katika umbo la mji wenyewe. Wabelgiji walioanzisha Élisabethville (jina la zamani la Lubumbashi) mwaka 1910 waliyatenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika kwa ukanda usiojengwa. Kamalondo na Kenya, mitaa ya Waafrika, zikawa ng'ambo ya ukanda huo, Katuba na Ruashi zikafuata katika miaka ya 1950, huku ofisi na biashara kubwa zikibaki upande wa pili. Njia za taksi-basi bado zinafuata ramani hiyo, kwa kuwa nyingi zinaelekea katikati, na mtu wa Katuba mwenye shughuli Ruashi mara nyingi hupitia huko, akashuka na kulipa nauli ya pili. Baadhi ya wanaosongamana pale, basi, hawana haja yoyote na mahali hapo.

Wanaotetea vituo maalumu wana hoja nzito. Gari linaposimama kwa kila anayepunga mkono, kupunguza mwendo, kushusha, kurudisha chenji na kuingia tena barabarani huweza kula nusu dakika. Mara kumi na mbili njiani, waliomo ndani wamepoteza dakika sita. Vituo vikitengana kwa meta 400, anayeishi kando ya barabara hatatembea zaidi ya meta 200 kukifikia kilicho karibu. Zaidi ya hayo, mahali panapojulikana panaweza kuwekewa paa, taa, mfereji wa maji ya mvua na kivuko cha watoto wa shule, na wauza mikate hujisogeza wenyewe bila kuitwa.

Lakini meta 200 si kitu kimoja kwa kila mtu. Mama anayetoka sokoni na mfuko wa unga kichwani, katika tope la mwezi wa Januari, huzihesabu tofauti na karani mwenye mwavuli. Dereva naye mara nyingi hana mshahara: ana kiasi cha kumkabidhi mwenye gari kila jioni, na abiria anayemwacha kati ya vituo viwili ni hasara yake. Akibanwa bila hesabu hiyo kubadilika, atakata safari nusu ili atoze nauli mara mbili, mchezo ambao abiria wa jioni wanaujua vizuri mno. Na kituo kisicho na alama ya wazi kitazaa faini zisizo na risiti.

Dar es Salaam iliziondoa daladala kwenye Barabara ya Morogoro mwaka 2016, lakini mabasi ya mwendokasi yalikuwa tayari, yenye njia na vituo vyao. Kuondoa bila kuleta mbadala ni kumhamishia abiria mzigo wote.

Ndiyo maana ningeanza na vituo vya Katuba, Kenya na Ruashi, pamoja na njia inayoziunganisha bila kugusa katikati ya mji. Usiku sheria ingelegezwa: Montréal, Kanada, imewaruhusu wanawake kushuka kati ya vituo saa za usiku tangu 1996, na mabasi yake hayakuvurugika.

Ugumu uliobaki ni kwamba njia mpya huanza na abiria wachache, ilhali gari linalosubiri kujaa halitaitumikia. Mji unaweza kuyapunguzia ushuru magari yatakayokubali kuondoka kwa saa maalumu katika miezi ya mwanzo. Hazina ya mji itapoteza kiasi fulani, lakini gharama hiyo ni ndogo kuliko ya kununua mabasi, na abiria wakishazoea njia, nafuu hiyo inaweza kuondolewa hatua kwa hatua.