Yule Mtoto Asiyesumbua Mtu

Kwenye benchi la kungojea tiba ya usemi, katika kliniki yoyote ya Nairobi, hakosekani msichana wa miaka 12 au 14 aliyepakata mkoba usio wake. Mdogo wake mwenye usonji (autism) akianza kupiga mayowe, yeye ndiye ajuaye kama ni njaa au ni ile taa inayomkera. Akina mama humsifu: Mungu amekupa msaidizi. Hakuna anayeuliza mbona leo hayuko shuleni.

Wapo wanaosema tumwache hivyo hivyo, asitafutiwe msaada wake mwenyewe, na si watu wabaya. Mzazi anayepanda matatu mbili kutoka Kayole hadi Ngara, ambako Shule ya Msingi ya City ina kitengo cha watoto wenye usonji, amechoka tayari. Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa fedha wasiojiweza, humpa mwenye ulemavu mkubwa shilingi 2,000 kwa mwezi, tena zikifika. Mshauri wa yule mzima atalipwa na nani? Isitoshe, ukitangaza kwamba ndugu wanaumia, umempa jirani fimbo. Aliyekuwa akinong'ona kuhusu laana sasa atasema mtoto huyu anawaharibu wenzake. Na kwetu kumlea mdogo wako ni undugu, si kazi. Tafiti nazo haziwapingi sana: wengi wa ndugu hawa hukua vizuri, na kwa wastani wasiwasi na huzuni yao haiwazidi wenzao kwa mbali.

Kwa wastani. Neno hilo linanikera. Linaijumlisha nyumba yenye yaya na vyumba vinne pamoja na chumba kimoja ambamo mmoja asipolala hakuna anayelala, hata kama kesho kuna mtihani.

Kuna takwimu nyingine ambayo nimeigeuzageuza muda mrefu. Mwaka 2024 watafiti walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wachanga zaidi ya 1,600 ambao kaka au dada zao wana usonji. Kufikia miaka mitatu, asilimia 20.2 walikutwa nao pia. Utafiti wa 2011 ulikuwa umepata 18.7. Wengi wetu hutishwa na huyo mmoja kati ya watano. Mimi nawawaza wale wanne. Wameambiwa wako sawa, basi, faili imefungwa. Lakini katika koo hizo hizo hupatikana pia ugumu wa kutulia na kumakinika, kuchelewa kusema, wasiwasi usioisha, mara nyingi kwa kiwango kisichotosha kupewa jina hospitalini. Msichana wetu anayesahau daftari kila wiki huenda hajachoka tu. Ila nani atamwona, ikiwa kila siku anapimwa kwa mdogo wake? Ukilinganishwa na mtoto anayejigonga kichwa ukutani, nani hayuko sawa?

Jambo hili, nadhani, linamvunja nguvu hata yule jirani wa laana. Kama sehemu ya shida za dada ni zake mwenyewe, za damu, basi mdogo wake hakumletea. Kumsikiliza dada kunampunguzia mdogo lawama.

Gharama nayo hukuzwa mno. Marekani, kule Seattle, Don Meyer alianzisha miaka ya 1980 mikutano ya ndugu kama hawa, ambako watoto hucheza, hula na kuzungumza na wenzao wanaowaelewa. Ukumbi wa kanisa Jumamosi unatosha. Hata hilo likishindikana, ipo njia ya kwenda sokoni, mama na binti peke yao, na lile swali ambalo binti amelibeba bila kuthubutu kulitamka: nyinyi mkishaondoka, atakaa na mimi?

Wengine hujibu kwamba shuleni kuna mwalimu wa ushauri nasaha. Yupo, na huenda ni mwema. Lakini msichana huyu hajawahi kumwambia mtu yeyote shuleni kwamba ana mdogo.