Mrithi wa kompyuta ya mezani: ya boksi au ya ofisini?

Kompyuta yetu ya mezani ilizima mwezi wa nane, majira ambayo upepo wa Dodoma unasomba vumbi na kuliingiza sebuleni hata kama madirisha yote yamefungwa. Ilikuwa imetutumikia miaka 11. Katika miaka hiyo tuliiongezea RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, mara mbili, tukabadilisha pawasaplai mara moja, tukang'oa diski ya zamani na kuweka SSD, hifadhi ya kisasa iliyo na kasi zaidi. Kila ilipougua tuliifungua, tukatoa kilichokufa, ikarudi kazini. Safari hii mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, ndiyo iliyoondoka, na fundi akatuambia bila kuzunguka kwamba ya kufanana nayo hatuipati tena.

Kwamba inayofuata iwe kompyuta mpakato, hapo hatukubishana. Umeme ukikatika mpakato inaendelea, ya mezani inazima pamoja na barua uliyokuwa unaiandika. Halafu kuna LUKU, umeme wa kulipia kabla. Kompyuta ya mezani na skrini yake, ikila takriban wati 100 kwa saa 5 kila siku, inamaliza uniti 15 kwa mwezi. Mpakato inayokula wati 20 kwa saa hizo hizo inamaliza uniti 3. Aliye kwenye D1, kundi la watumiaji wadogo wa umeme wa nyumbani, ananunua uniti kwa shilingi 100 kabla ya kodi, na akivuka uniti 75 kwa mwezi zile zinazozidi anazinunua kwa 350. Nyumba inayohesabu uniti namna hiyo haiwezi kuzidharau 12 zinazookolewa.

Ubishi ulianza tulipofika kwenye aina. Shemeji yangu, ambaye kazini kwake, kwenye Mji wa Serikali wa Mtumba, anatumia mpakato mpya kila siku, alikuja jioni moja akaikuta bajeti yetu ya laki sita na nusu imeandikwa kwenye karatasi, na chini yake majina matatu: ThinkPad T480, Latitude 5490, EliteBook 840 G5. Zote ni mashine za mwaka 2018, zote za mtumba zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya.

"Shemeji," akaniambia, "laki sita na nusu si pesa ya kununulia uchovu wa watu. Kwa hela hiyo hiyo unapata laptop mpya ya boksi, wewe ndiye unayevua ile nailoni. Hizo ofisi za Ulaya zimeshazichoka, ndiyo maana zimeziuza."

Sikumjibu papo hapo, kwa sababu ana hoja, na hoja zake ni nzito kuliko wauzaji wa mtumba wanavyopenda kukiri.

Ya kwanza ni betri. Betri ya lithiamu inazeeka kwa kuchajiwa na inazeeka hata kwa kukaa tu. Ukishaichaji na kuimaliza mara 300 hadi 500, ni kawaida iwe imepoteza karibu sehemu ya tano ya uwezo wake, na zile za ofisini mara nyingi zimeshinda miaka zimechomekwa kwenye chaja mezani, jambo ambalo nalo linaichosha betri. Kama sababu ya kuhamia mpakato ni umeme kukatika, basi mpakato yenye betri ya dakika 40 inakurudisha ulikotoka. Ya pili ni waranti. Mashine ya boksi inakuja na mwaka mmoja. Ya mtumba inakuja na wiki mbili za mdomo, ukibahatika mwezi. Na ya tatu, ambayo shemeji aliitaja kwa sauti ya chini, ni kutojua ilikotoka. Zipo mashine zinazouzwa zikiwa bado na nywila ya BIOS, ile programu ya kuiwasha mashine kabla ya Windows, ya kampuni iliyozimiliki, nyingine zimefungwa kwa programu ya ulinzi ya mwenye mali wa awali, na zipo za wizi. Mtu asiyejua pa kutazama anaweza kubeba mzigo huo nyumbani bila habari.

Kwa hiyo anayenunua ya boksi si mshamba wala haringi. Ananunua usingizi.

Hata hivyo, swali lililokuwa linanisumbua lilikuwa jingine. Sikuwa natafuta mpakato ya kupita nayo mtaani. Nilikuwa namtafutia mrithi ile kompyuta ya mezani, ambayo watoto walifanyia kazi za shule, mimi nikaandikia hesabu za kikoba, na mdogo wangu akaombea kazi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, mpaka akapata. Kilichoifanya idumu miaka 11 si upya wake siku tuliyoinunua. Ilidumu kwa sababu ilikuwa inafunguka.

Hapa ndipo naomba tukae kidogo, maana naona watu wengi wanapaacha haraka.

Mwaka jana binti wa dada yangu, anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alinunuliwa mpakato mpya ya boksi kwa kiasi kinachokaribiana na bajeti yetu. Prosesa Celeron N4020, RAM GB 4, na hifadhi ya eMMC, aina ya bei nafuu inayofanana na ya simu, ya GB 64. Miezi saba haikuisha, ikawa kufungua faili la Word na kurasa tatu za intaneti kwa pamoja ni kazi ya kusubiri. Nikampeleka kwa fundi mmoja karibu na soko la Majengo, nikijua la kusema: mwongezee RAM, muwekee SSD, kama tulivyofanya kwetu. Fundi akafungua skrubu za chini, akapitisha kadi ya plastiki pembezoni, mfuniko ukaachia. Ndani, karibu nusu ya nafasi ilikuwa tupu. Mazabodi yenyewe ilikuwa ndogo kama kiganja. Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi vipande vinne vyeusi vilivyokaa kwa safu, bapa, vimeshikana na ubao.

"Mama, hii ndiyo RAM. Imechomelewa. Na hiki cha pembeni ndicho hifadhi, nacho kimechomelewa. Hapa hakuna cha kuongeza wala cha kutoa."

Nikamuuliza, na siku hifadhi ikifa? Akasema siku hiyo unabadili mazabodi nzima, na bei ya mazabodi inakaribia bei ya mashine.

Maneno hayo nimetembea nayo tangu siku ile. GB 4 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na GB 64 vilevile. Maana yake mashine ile ilitoka kiwandani ikiwa imesimama ukingoni, na haina mlango wa kusogea nyuma. Windows inapojisasisha inataka nafasi, nafasi hakuna, masasisho yanakwama, na binti anafuta picha zake ili kompyuta iendelee kuwa salama. Prosesa ina viini viwili tu vya kufanyia kazi. Mashine si mbovu, haina kasoro yoyote ya kurudisha dukani, waranti haiigusi. Inafanya kila kitu ilichotengenezewa kufanya, na ilitengenezewa kufanya kidogo. Kwa namna inavyofungwa iko karibu na simu kuliko kompyuta: ikichoka, unanunua nyingine.

Sasa weka pembeni yake ile ambayo shemeji aliita uchovu wa watu. Mashine hizi zilitengenezwa kwa ajili ya kampuni na ofisi za serikali zinazonunua mamia kwa mpigo na kuajiri mafundi wao wenyewe. Fundi mwenye mashine 400 za kuangalia hana muda wa kukaa anachomoa RAM iliyochomelewa, kwa hiyo kiwanda kilimrahisishia kazi. Kwenye Latitude 5490 skrubu za mfuniko hazidondoki hata ukizilegeza zote, zinabaki zimeshikwa na mfuniko wenyewe. Ndani kuna nafasi mbili za RAM. Unasukuma vishikizo viwili vya pembeni kwa kucha, kijiti kinanyanyuka chenyewe kimelala upande, unakitoa. T480 nayo ina nafasi mbili, 840 G5 nayo mbili. SSD inashikwa na skrubu moja. Kibodi ikiharibika inabadilishwa kibodi. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nje ya kuchomoa kwa mkono, na ile ya nje unaweza kuibadilisha mezani kwako huku mashine inawaka.

Halafu kuna vumbi letu. Kompyuta yoyote yenye feni hapa Dodoma inavuta vumbi kuanzia mvua zinapokata hadi Desemba zinaporudi, na baada ya mwaka vumbi hilo linajikandika kwenye mapezi ya kupozea kama kipande cha blanketi. Mashine inapata joto, prosesa inajipunguza kasi ili isiungue, na mwenye nayo anasema kompyuta imezeeka. Anayeweza kufungua mfuniko kwa dakika tano akasafisha kwa brashi ya rangi, huku ameishika feni isizunguke, anarudishiwa kompyuta yake. Celeron ya binti haina feni, na hilo nalikiri kuwa ni faida yake ya kweli hapa kwetu.

Kuna jambo moja ambalo watetezi wenzangu wa mtumba wanalipitia haraka, nalo linaweza kuangusha hoja nzima. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa upande wa prosesa za Intel Core inaanza kukubali kizazi cha 8, na inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0. Ofisi za Ulaya na Marekani zilijua tarehe hiyo mapema, na mashine za kizazi cha 6 na cha 7 zisizovuka mstari zinaendelea kutafuta wanunuzi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha: kava ni lile lile, stika ni ile ile ya Core i5. Tofauti iko kwenye namba inayofuata kistari. i5-6300U ni ya kizazi cha 6, i5-8350U ni ya kizazi cha 8, na tofauti si tarakimu tu, kwani ya 6 ina viini viwili na ya 8 ina vinne. Muuzaji akikuambia "ni i5, mama, inatosha", bado hajakuambia kitu. Wapo wanaolazimisha Windows 11 iingie kwenye kizazi cha 6, inaingia, na mnunuzi anaiona imewaka dukani akaridhika. Mashine hiyo haitambuliwi rasmi, na hakuna anayekuhakikishia masasisho ya kesho.

Shemeji alipolisikia hili akasema, "Unaona sasa? Na hiyo ya kizazi cha 8 kesho nayo wataikata." Inawezekana. Mstari uliosogezwa mara moja unaweza kusogezwa tena, na mashine ya 2018 ndiyo itakayokuwa ya kwanza kuguswa. Hapo ya boksi ina miaka mingi zaidi mbele yake kwa upande wa Windows. Ninachotilia shaka ni kama yule wa Celeron atakuwa bado anaitumia miaka hiyo ikifika.

Waranti nayo ina jiografia yake. Tangu treni ya SGR ianze kuleta abiria Dodoma mwaka 2024, wengi wetu tunaondoka asubuhi, tunanunua Kariakoo, na usiku tunalala kwetu. Bei inakuwa nzuri. Ila waranti ya duka la Kariakoo inakudai nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi kila inapotokea shida, na mara nyingine siku mbili. Aliyenunua hapa mjini, iwe mpya au mtumba, kwa muuzaji anayemfuata kwa miguu, ana waranti ya kweli zaidi hata kama imeandikwa miezi mitatu tu.

Sisemi kila mtu achukue ya mtumba. Mwenye milioni moja na nusu na kuendelea ana uwanja mwingine kabisa, kule zipo mpya zenye nafasi za RAM na SSD za kawaida, na ningekuwa nayo ningechukua huko bila kupepesa. Mwanafunzi atakayezunguka nayo siku nzima bila pa kuchomeka, uzito na betri vinamuhusu kuliko nafasi za RAM. Na aliye mbali na fundi yeyote, asiye na mtu wa kumkagulia, akinunua ya boksi simlaumu. Ila kwa nyumba ya kawaida yenye laki sita au saba inayotaka kompyuta ya wote, ya kukaa mezani miaka mingi na kutengenezwa inapougua, ile ya ofisini ndiyo ndugu wa damu wa ile tuliyoizika.

Tulichukua Latitude. Kabla ya kutoa pesa nilimuomba muuzaji aandike kwenye kompyuta amri ya powercfg /batteryreport, ripoti ikaonyesha betri ilizaliwa na kiasi gani na sasa inabeba kiasi gani: ilikuwa imebaki asilimia 71. Nikaomba punguzo la bei ya betri mpya, akanipa nusu yake. Nikaingia BIOS kuona kama kuna nywila. Nikatazama namba baada ya kistari. Kisha nikamuomba afungue mfuniko wa chini mbele yangu, na alipoanza kusema kwamba haifunguliwi hovyo, nikamwonyesha bisibisi niliyokuja nayo kwenye pochi. Akacheka, akafungua.

Skrini ya zamani hatukuitupa. Latitude hiyo ina tundu la VGA, lile la skrini za zamani, kwa hiyo waya ule ule wa bluu umechomekwa, kibodi ile ile iko mbele, meza ni ile ile. Shemeji alikuja Jumapili, akamkuta mwanangu anaandika ripoti ya somo la sayansi huku umeme umekatika, skrini kubwa imezima na yeye amehamia kwenye kioo kidogo bila hata kunyanyua kichwa. Akauliza betri hiyo inadumu kwa muda gani. Nikamwambia inadumu muda wa saa mbili na robo, nimeipima, na nyingine nimeshaagiza.