Mechi 162 zinamchosha nani?

Mwandishi anataka msimu wa besiboli Marekani ufupishwe, eti mechi 162 kwa kila timu ni nyingi mno. Nyingi kwa nani? Sisi mashabiki wa Cubs, timu ya Chicago, tulikaa bila ubingwa tangu 1908 hadi 2016, urefu wa msimu mmoja hautupi presha. Na hata mwaka huo tulipoteza mechi 58 kabla ya mtoano! Ukipunguza mechi, timu iliyobahatika wiki mbili tu itajifanya bora.

Mechi ya saba, ya mwisho ya fainali za 2016 kule Cleveland, ndiyo nusura ituue. Awamu ya nane kati ya tisa tunaongoza 6-3, Cleveland wakarudisha pointi moja, halafu mpigaji wao Rajai Davis akaupiga mpira ukavuka ukuta, pointi mbili. Ngoma droo, 6-6. Baada ya awamu ya tisa ikaja mvua, dakika 17 roho ziko mkononi, ndipo tukashinda 8-7.

Kama shida ni muda, tangu 2023 mrushaji ana sekunde 15 tu za kuanza kurusha mpira besi zikiwa tupu, yaani hakuna mkimbiaji. Mimi siipendi hiyo saa. Kule kuuzungusha mpira mkononi huku akimkodolea mpigaji macho ndio utamu wenyewe, sasa wanataka watunyime na mechi?