Antena Ndogo na Kipimo cha Haki

Mpenzi wa redio ya ridhaa anayeishi ghorofani, mwenye kibaraza cha mita tatu na mwenye nyumba asiyetaka kuona waya juu ya paa, hana pa kutandaza dipoli (antena ya waya inayolishwa katikati) ya mita 20 inayohitajika kwa bendi ya mita 40, yaani mawimbi yenye urefu wa mita 40 hivi. Akinunua antena fupi na kujibiwa kutoka bara jingine, furaha yake ni halali kabisa. Mvutano huanza anapodai kwamba majibu hayo yanathibitisha kuwa antena yake haizidiwi na dipoli, na mwenzake akamwomba vipimo. Huyo mwombaji huonekana mtu wa kubeza. Naona anaonewa.

Chukua fimbo ya mita 2.5 iliyofungwa koili ili iitike kwenye megahezi 7, ndiyo bendi hiyo ya mita 40. Ukinzani wake wa mnururisho, yaani ule unaowakilisha nguvu inayogeuka mawimbi, ni kama omu 1.4. Koili na ardhi zikila omu 14, basi katika wati 100 zinazoingia, wati 9 hivi ndizo zinazotoka hewani. Nyingine zinaishia kuwa joto. Hasara hiyo ni kama desibeli 10 (nguvu kupungua mara kumi), na ndiyo inayopoteza watu. Wati 9 huvuka bahari anga ikikubali, na hata wati 1 huvuka, kwa hiyo kusikika mbali hakusemi lolote kuhusu hasara iliyopatikana njiani. Wakati huohuo, mawimbi yanayorudishwa na ionosfia, tabaka la juu la angahewa, huweza kupanda na kushuka kwa desibeli 20 ndani ya dakika chache. Anayejaribu antena moja saa mbili usiku na nyingine saa tatu amepima anga, hakupima antena.

SWR nayo, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na kebo na redio (1:1 ndiyo kamili), haiokoi. Kipingamizi cha omu 50 kilichozamishwa kwenye kopo la mafuta huonyesha 1:1 safi, na karibu hakirushi kitu. Tena, shika kebo ya antena fupi kwa mkono huku ukitazama mita: sindano ikicheza, ujue kebo yenyewe inarusha mawimbi, na sifa unazoipa antena huenda ni za kebo.

Dawa ipo. Kwa mfumo wa WSPR, wa kurusha na kunasa ishara hafifu kwa kompyuta, uliotolewa mwaka 2008 na Joe Taylor, mshindi wa Nobeli ya fizikia ya 1993, virushi viwili vya nguvu sawa hurusha katika dakika mbili zilezile, kila kimoja na antena yake, na vituo vya mbali huandika uwiano wa ishara na kelele wa kila kimoja. Ukikusanya tofauti za siku kadhaa kutoka kwa wasikilizaji walewale, kupanda na kushuka kwa anga kunapungua sana katika hesabu.

Watetezi wa antena ndogo wana hoja nzito pia: dipoli iliyo mita 10 juu si mpinzani wa haki kwa mtu wa kibarazani, na katika kupokea, kitanzi kidogo kinaweza kugeuzwa kikaikwepa kelele ya chaja ya jirani na kusikia vizuri zaidi japo ishara yake ni hafifu. Kwa hiyo kupokea kupimwe peke yake, na antena ishindanishwe na waya wa kawaida uliotundikwa kwenye kibaraza hichohicho, usiku uleule, kebo zote mbili zikiwa zimevishwa pete za feriti ili zisirushe mawimbi zenyewe. Ikiushinda waya kwa desibeli 3, yaani nguvu mara mbili hivi, mnunuzi atajua fedha yake imenunua nini.